Karatasi Yenye Hatua Sita

Mhakiki mwadilifu huanza na kazi yake mwenyewe. Leo naihakiki karatasi moja niliyoiandika kwa mkono wangu hapa Majengo, Sumbawanga. Ilikuwa na hatua sita tu, nayo ilimpotezea mpwa wangu kazi ya miezi minane.

Kijana huyo hucheza Minecraft, gemu iliyoanzia Uswidi, ambamo mchezaji hujijengea dunia yake tofali kwa tofali. Kompyuta yake ni kuukuu, na picha zilikuwa zikikwamakwama. Nikamwambia dawa ipo. Gemu hiyo huweka mipangilio yake katika faili la maandishi liitwalo options.txt. Humo umo mstari usemao renderDistance:12, yaani umbali ambao mchezaji anaonyeshwa. Ukiweka 6 badala ya 12, mashine hupumua. Kwa kuwa nilikuwa na safari, nikamwandikia maagizo.

Hatua za mwanzo zilikuwa safi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, fungua .minecraft, kisha options.txt. Hatua ya 4 ilisema: "Badilisha namba, hifadhi." Ya 5: "Hakikisha gemu imefungwa." Ya 6: "Ikikataa, futa faili, safisha na kapu la taka, gemu itajitengenezea jipya."

Ndugu msomaji, tazama makosa. Hatua ya 5 ilipaswa kuwa ya kwanza, maana gemu iliyo wazi inaweza kuandika mipangilio yake ya zamani juu ya ile mipya. Ndivyo ilivyotokea. Kijana akaona namba imerudi 12, akaenda hatua ya 6.

Hapo ndipo neno liliponisaliti. Katika ofisi zetu, faili ni jalada gumu lenye nyaraka nyingi ndani yake. Mama yake ni karani, na faili alilolijua kijana tangu utotoni ni hilo. Kwenye kompyuta faili ni waraka mmoja, na jalada huitwa kabrasha au, kama vijana wasemavyo, folda. Basi akaifuta .minecraft yote, na humo ndimo ilimokuwa folda ya saves, ghala la dunia zake. Katika mojawapo alikuwa ameijenga nyumba ya marehemu babu yake, chumba kwa chumba.

Niliporudi alisema, "Shikamoo mjomba. Nisamehe, sikuelewa." Neno hilo liliniuma. Alielewa barabara, akatenda kilichoandikwa. Hili ndilo baya kuliko yote katika maagizo mabovu: aliyeandika hukosea, aliyesoma hujiona mjinga.

Wapo watakaosema dawa ni istilahi. Ni kweli kwa sehemu, na kazi imefanyika: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini neno sahihi peke yake halitoshi. Mama alipotufundisha kulima ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia majani yaoze yawe mbolea, alikuwa amesimama pale pale. Jembe likienda kombo, alisema. Karatasi haina macho. Mwandishi hana budi kutangulia kufika pale msomaji atakapoteleza, na kumwachia njia ya kurudi.

Nimeiandika upya. Sasa inaanza: "Funga gemu. Nakili folda yote ya .minecraft uiweke kwenye flashi. Usifute kitu chochote." Ndipo inafuata habari ya namba. Mwisho inasema: "Ukiharibu, chukua options.txt iliyo kwenye flashi, uirudishe mahali pake."

Mpwa wangu ameibandika ukutani. Nyumba ya babu ameanza kuijenga tena. Juzi aliniuliza dirisha la jikoni lilikuwa upande gani, nami sikuwa na hakika.