Hilux Iliyogoma Kitonga

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huutambua mlima Kitonga kwa mwendo wa malori. Ukishaiacha Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kujipinda ubavuni mwa mlima, malori yanashuka gia, na madereva wa magari madogo wanachungulia upenyo wa kupita. Hapo ndipo Hilux Vigo moja ya mwaka 2006, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KD-FTV, ilikuwa ikigoma. Dereva anakanyaga mafuta alipite lori, taa ya injini inawaka, nguvu zinakatika. Injini haizimiki, lakini hata ukanyage mpaka chini, gari linatambaa tu. Akisogea pembeni, akazima, akahesabu mpaka kumi na kuwasha tena, linaondoka zima kabisa. Kilomita chache mbele, yaleyale.

Hali hiyo mafundi huiita limpu modi. Tatizo hilo lilidumu miezi minane, na kwa muda huo gari lilibadilishiwa chujio la dizeli mara mbili, sensa ya shinikizo la mafuta, na kipimo cha hewa. Tabo ilishushwa ikasafishwa. Mwishowe mwenye gari akaambiwa pampu ya nozeli imekufa, atafute nyingine. Kwa pikapu ya umri ule, bei ya pampu mpya ilikuwa inamfanya mtu afikirie kuliuza gari kama lilivyo.

Kinachotokea kwenye limpu modi ni kompyuta ya injini kujihami. Muda wote injini inapozunguka, kompyuta inaamua shinikizo la mafuta linalotakiwa, kiasi cha hewa kutoka kwenye tabo, na muda wa kila nozeli kufunguka. Kisha inasoma sensa kuona kama agizo limetekelezwa. Tofauti kati ya agizo na hali halisi ikizidi mpaka uliowekwa, na ikadumu, kompyuta inaandika kodi, yaani alama ya hitilafu, kwenye kumbukumbu, inawasha taa, na kupunguza mafuta ili injini isijiumize. Uamuzi huo wa kubana mafuta mara nyingi hufutika ufunguo ukizimwa. Ndiyo maana kuzima na kuwasha huonekana kama tiba. Kodi yenyewe inabaki.

Kujihami huko kuna sababu. Injini hizi hutumia mfumo ambao mafundi wanauita komoni reli, ulioingia sokoni mwaka 1995 kwenye lori la Hino la Japani likiwa na vifaa vya Denso, na miaka miwili baadaye kwenye gari dogo, Alfa Romeo 156 ya Italia. Pampu inasukuma dizeli kwenye bomba moja nene la chuma, yaani reli, na nozeli zote nne zinachota humo zikifunguliwa kwa umeme. Kwenye 1KD shinikizo ndani ya reli hiyo linaweza kufika karibu megapaskali 160. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa megapaskali 0.2 hivi, kwa hiyo reli inabeba karibu mara 800 ya upepo wa tairi. Kompyuta isipojua kinachoendelea humo, haina ruhusa ya kubahatisha.

Fundi wa tisa aliyeletewa gari hili hakufungua boneti kwanza. Alimwuliza dereva maswali, na jibu moja likamfanya aandike kwenye daftari. Gari halikuwa likigoma kwenye mpando wenyewe. Likipandishwa kwa mguu uliotulia, lilifika juu. Liligoma pale dereva alipokuwa nyuma ya lori: anaachia mafuta, anakanyaga, anaachia tena, kisha anakanyaga kwa nguvu kutafuta nafasi. Wale waliotangulia walisikia neno "mlima" wakatafuta gari lenye njaa ya mafuta. Chujio lililoziba, pampu iliyochoka, tabo isiyopuliza, yote ni magonjwa ya upungufu.

Kodi iliyokuwa ndani ilisema jambo jingine. Ilikuwa P1229, ambayo kwenye dizeli za Toyota huandikwa kama hitilafu ya mfumo wa pampu ya mafuta. Aliyesoma neno pampu akaishia hapo, akaagiza pampu. Lakini masharti ya kuwaka kwa kodi hiyo ni shinikizo kwenye reli kuwa kubwa kuliko lililoagizwa. Gari lilikuwa linalalamika kwamba limeshiba kupita kiasi, nalo likaendelea kutibiwa njaa kwa miezi minane. Fundi yeyote anayelipwa kusoma kodi anawiwa na mteja wake kusoma pia masharti yake, na hapa hakuna aliyefanya hivyo.

Kosa la pili liliumiza zaidi. Kila gereji ilikuwa ikifuta kodi kabla ya kuandika kitu. Kompyuta inapowasha taa, huhifadhi pia picha ya dakika ile: mizunguko ya injini, mwendo, joto la maji, na vipimo vingine. Ukifuta kodi, picha nayo inaondoka, na mtu wa baadaye anaanza gizani.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya siku mbili. Fundi alianzia kwenye vali ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu, ambayo mafundi huitaja kwa herufi tatu, SCV. Vali hii ndiyo mlinzi wa mlango: inaamua dizeli kiasi gani iingie kwenye vyumba vya pampu kabla ya kukandamizwa. Kompyuta inaiendesha kwa mapigo ya umeme, nayo inafungua na kufunga kwa hatua ndogo sana. Alipima koili yake, akapata omu 2 hivi, kipimo cha vali nzima kwa upande wa umeme. Akatikisa waya na soketi injini ikiwa inaunguruma, hakuna kilichobadilika. Kwa kipimo cha mezani vali ile ilikuwa salama, na pengine ndiyo sababu iliachwa miezi yote.

Siku ya pili alipanda na dereva mpaka mlimani, kompyuta ndogo mapajani, waya umechomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani. Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili tu, shinikizo lililoagizwa na shinikizo halisi. Mguu ulipotulia, mistari ilikwenda pamoja. Dereva alipoachia mafuta nyuma ya lori, mstari wa agizo ulianguka mara moja, lakini mstari halisi ukabaki juu, ukasita, kisha ukashuka kwa kishindo. Alipokanyaga tena, mstari halisi uliruka ukapita agizo. Mara ya nne taa ikawaka.

Vali ilikuwa inanata. Si kwamba imekufa. Ilikuwa inachelewa kufunga.

Ilifunguliwa kwa bolti mbili, baada ya pampu kuoshwa kwa nje na kukaushwa, maana chembe moja ya mchanga ikiingia hapo inaharibu kuliko ubovu uliokuwepo. Pini ya ndani, ambayo inatakiwa kuteleza kwa uzito wake, ilikwama katikati. Chini ya lenzi ilionekana ina mikwaruzo ya urefu, na kwenye kitambaa cheupe iliacha rangi ya kijivu inayometa. Hayo ni mavumbi ya chuma.

Chuma hicho kilitoka wapi? Pampu ya komoni reli ya gari hili haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayoisukuma. Dizeli ikiwa na maji, au ikichanganywa na mafuta ya taa ambayo ni mepesi, vyuma vinasuguana vikavu. Uchanganyaji huo ni janga la zamani Afrika Mashariki. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo dereva wa Hilux hii alikiri kwamba akiwa safari za mashambani alikuwa ananunua dizeli ya madumu. Fundi alifungua kizibo cha chini cha kikombe cha chujio, akakinga kilichotoka kwenye chupa ya glasi. Kilipotulia, chini kulikuwa na maji yenye unene wa kidole, dizeli ikielea juu yake.

Vali mpya ilifungwa na oringi yake ikiwa imepakwa dizeli safi, tangi likamwagwa, chujio likabadilishwa. Kwenye safari ya majaribio mistari miwili ilishuka na kupanda pamoja hata dereva alipofanya makusudi kukanyaga na kuachia nyuma ya malori matatu.

Swali la pampu lilikuwa bado wazi. Kama mavumbi yale yaliachwa na dizeli chafu ya zamani, kazi imekwisha. Kama pampu yenyewe inajila, vali mpya nayo ingeanza kunata. Kwa hiyo fundi alimtaka mwenye gari arudi baada ya wiki tatu. Aliporudi, bolti mbili zilifunguliwa tena. Pini iliteleza yenyewe mpaka mwisho, na kitambaa cheupe kikatoka na unyevu wa dizeli tu.