Jina Linalosubiri

Mchele wa Kyela, pamoja na sifa zake zote, haupikwi kabla ya kupita kwenye ungo. Pumba zikishapeperushwa, mama huinama akatoa vijiwe na punje za mpunga, moja moja, mazungumzo yakiendelea. Jicho lake halitoki kwenye ungo.

Jicho la namna hiyo nalistahi pia kwa mwanapatholojia. Kinyama cha pafu alicholetewa huenda kisizidi punje ya mchele. Kama mgonjwa ni wa Kyela, kimepanda milima ya Rungwe kwenda Mbeya, au kimefika hadi hospitali ya Muhimbili. Kimelowekwa fomalini kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa tabaka la mikroni 3 au 4. Hematoksilini, rangi itokayo kwenye mti wa Amerika ya Kati, imevipa viini vya seli zambarau. Eosini imepaka waridi kwingineko.

Kwetu kikohozi kirefu hudhaniwa TB kwanza, na mara nyingi ndiyo. Lakini leo kwenye hadubini kuna seli ndogo, nyeusi, zilizopondeka. Je, ni saratani ile kali ya seli ndogo, inayotaka dawa nzito haraka? Au ni kasinoidi, uvimbe adimu uendao polepole, ambao Mjerumani Oberndorfer aliupa jina mwaka 1907 alipoukuta kwenye utumbo? Koleo la kuchukulia kinyama likibana sana, kasinoidi iliyopondwa hufanana mno na ile kali. Hapo fundi huhama pembeni, akatafuta seli ambazo koleo halikuzigusa: zimelingana, viini vyake kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Kisha huomba kipimo cha Ki-67 kinachoonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Kwenye saratani ya seli ndogo huwa nyingi mno. Hapa ni chache.

Kasinoidi, basi. Ya kawaida au isiyo ya kawaida? Kanuni ni kuhesabu seli zinazogawanyika katika milimita 2 za mraba: chini ya 2, na pasipo sehemu iliyokufa, ni ya kawaida; 2 hadi 10, au pakiwepo sehemu iliyokufa, si ya kawaida. Ila punje moja haina eneo la kutosha. Mimi ningeshawishika kukisia. Yeye anaandika “kasinoidi” tu, na neno la pili analiacha mpaka daktari wa upasuaji autoe uvimbe mzima.