Arusi ya Levin na Kitty

Katika riwaya nyingi arusi ndiyo mwisho wa hadithi. Mwandishi akiisha kuwavusha wapenzi wake katika mashaka, huwafikisha mbele ya padri au kadhi, kisha akafunga kitabu. Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, hakuifuata njia hiyo. Katika Anna Karenina, riwaya iliyotolewa kwa mafungu katika jarida kuanzia mwaka 1875 hata 1877, arusi ya Levin na Kitty imewekwa mwanzoni mwa sehemu ya 5, na sehemu zote ni 8. Safari ingali ndefu. Hilo peke yake latuonya kwamba arusi hii haikuandikwa ili kutufurahisha tu.

Ilifanyika Moscow wakati wa baridi, kabla ya Kwaresima. Mama yake Kitty aliona majuma yaliyosalia ni machache mno kwa kushona nguo na kukusanya vyombo. Lakini Kanisa la Othodoksi halifungishi ndoa katika Kwaresima, wala haikuwa busara kungoja, kwa kuwa jamaa mmoja mzee alikuwa mgonjwa, na akifa kutakuwa na matanga. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana na kwao watu hawapendi kufanya arusi katika mwezi wa Ramadhani.

Walakini nadhani baridi ile ina sababu nyingine. Mwanzoni mwa riwaya Levin alimwendea Kitty katika bustani ya wanyama, mahali ambapo watu huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma chini. Alikuwa amekwisha kuona kuwa hana maisha pasipo yeye. Na jioni ya siku ile ile alimposa akakataliwa. Basi majira yaliyoshuhudia aibu yake ndiyo yaliyorudi kushuhudia furaha yake. Tolstoy hasemi hivyo kwa maneno, na amefanya vema kunyamaza.

Tunalijua jambo jingine linalotilia nguvu wazo hili. Tolstoy mwenyewe alimwoa Sofia Behrs mwezi wa Septemba 1862, katika kanisa la ndani ya Kremlin. Yeye alikuwa na miaka 34, na bibi arusi miaka 18. Mengi ya arusi ile ameyahamisha katika kitabu: shati lililosahauliwa, daftari za siri, hata posa yenyewe iliyoandikwa kwa chaki, kila neno kwa herufi yake ya kwanza tu, kama mkewe alivyosimulia baadaye. Ila majira ameyabadili. Arusi yake haikuwa ya theluji. Ya Levin ni ya baridi kali.

Juu ya ile posa ya chaki, nakiri ni vigumu kuiamini. Herufi ni nyingi, na Kitty anazifumbua kana kwamba anasoma barua. Jaribuni kufanya hivyo kwa Kiswahili, ambamo vitenzi vingi huanza kwa ni-, u- au a-, mwone mtafika wapi! Lakini Tolstoy atuonyesha watu wawili ambao wamekwisha kuumizana na kungojana, hata kila mmoja ameyajua maneno ya mwenziwe kabla hayajasemwa. Mgeni hangeweza kuzisoma herufi zile. Kitty aliweza kwa sababu swali lenyewe lilihusu siku ile aliyomkataa.

Sasa tuingie kanisani. Taa zimewashwa, watu wamejaa, bibi arusi amekwisha kuvaa nguo yake nyeupe na shela ndefu na taji la maua ya mchungwa, lakini bwana arusi haonekani. Yuko hotelini, anazunguka chumbani kama mnyama kizimbani, amevaa suruali bila kizibao wala koti. Mtumishi wake alifunga mizigo yote akaipeleka nyumbani kwa kina Kitty, na shati safi limo humo. Siku hiyo ni Jumapili, maduka yamefungwa; shati la kuazima ni pana mno na fupi. Wanafunzi wengi, wakitungiwa swali la kueleza arusi, huorodhesha nguo, keki na magari, na kila kitu huenda sawa. Tolstoy ana fahari zote hizo, lakini hazikumtosha. Ibada nayo haikwenda sawa: pete zinachanganywa, Levin anashika mkono usiopasa, na zulia ambalo watu huamini kwamba atakayelikanyaga kwanza ndiye atakayetawala nyumba, wao wawili wanalikanyaga bila kukumbuka imani hiyo. Makosa hayo hayaiharibu heshima ya arusi. Yanaifanya iwe ya watu hawa wawili wala si ya wengine.

Wala historia yao si tamu yote. Kabla ya arusi Levin alimpa Kitty daftari zake zenye maisha yake ya ujana, pamoja na maovu yake, kwa kuwa aliona si haki kumficha. Kitty alilia, akasamehe, lakini aliumia. Swali ni hili: je, Levin alifanya hivyo kwa ajili ya Kitty, au kwa kuutua mzigo wake mwenyewe? Tolstoy anaelekea kumsifu Levin kwa unyofu wake. Mimi sioni hivyo kabisa. Sofia aliyepewa daftari za kweli aliandika katika shajara yake mwenyewe jinsi zilivyomchoma, na kidonda hicho hakikupona upesi. Katika kanisa, moyo wa Levin twafunuliwa kwa urefu, na mashaka yake ya dini, na machozi yake. Moyo wa Kitty twapewa kidogo tu, jinsi anavyojiona akikatwa na wazazi wake na nyumba ya utoto wake. Hapo mizani imelala upande mmoja.

Walakini mwandishi ameweka wanawake wengine kanisani kuyatazama mambo kwa macho yao. Dolly, dada yake Kitty, ambaye mumewe si mwaminifu, anaikumbuka arusi yake mwenyewe. Kisha anamkumbuka Anna, kwamba naye alisimama hivyo hivyo, amevaa shela na maua. Nalo wazo hilo lapita kama upepo.

Usiku ule, baada ya chakula, Levin na Kitty wanaondoka kwenda shamba. Ukifunua sura inayofuata, Anna na Vronsky wako Italia, hawana padri wala taji wala jamaa wa kuwashuhudia. Tolstoy hakuandika hata sentensi moja ya kuunganisha kurasa hizo mbili.