Fanani Mwenye Kibodi: Uandishi wa Programu Jukwaani na Mipaka ya Fasihi Simulizi

Wanafunzi wetu wa fasihi huanza mwaka wa kwanza kwa kunakili jedwali la safu mbili: simulizi huku, andishi kule. Simulizi huzaliwa mbele ya hadhira. Andishi hukaa kitabuni likimsubiri msomaji. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki sanaa moja inayolitia jedwali hilo majaribuni, nayo ni uandishi wa programu wa papo kwa papo kwa ajili ya muziki na picha.

Msanii wa fani hii huketi mbele ya kompyuta, na kioo chake huonyeshwa ukutani kwa projekta. Huandika amri, kompyuta huzigeuza kuwa mdundo au picha, naye huendelea kuzibadili bila muziki kukatika. Mwaka 2004, mjini Hamburg, Ujerumani, wasanii hao waliunda jumuiya ya TOPLAP, ambayo humtaka msanii awaonyeshe watazamaji kioo chake. Mwaka 2011 Alex McLean na Nick Collins wa Uingereza walibuni jina Algorave kwa usiku wa kucheza muziki huo. Kwa upande wa picha, programu inayojulikana sana ni Hydra ya Olivia Jack.

Tuchukue mfano wa Sonic Pi, programu ya bure iliyoanzishwa na Sam Aaron mwaka 2012 kwa ajili ya shule. Mwanafunzi huandika mzunguko: piga noti namba 60, pumzika nusu pigo, rudia. Akibadili 60 kuwa 64 na kuituma amri upya, badiliko husikika mzunguko unaofuata. Aidha, mzunguko usio na pumziko lolote hukataliwa na programu. Mwalimu wa ushairi hatashangaa: mishororo isiyo na vituo haighaniki.

Je, huu ni utendaji kwa maana tunayoifundisha? Tunaona kwamba kwa kiasi kikubwa ndiyo. Upo ubunifu wa papo kwa papo, na ipo hatari ya kuteleza hadharani. Wapo wanaoanza na ukurasa mtupu na kuufuta mwishoni, hata kilichoandikwa kikapotea kama neno la mdomoni. Kwa hiyo maandishi peke yake hayatoshi kuitenga kazi na usimulizi. Jedwali letu linahitaji kurekebishwa: tuulize kazi inatendwaje, si imehifadhiwa kwa nini tu.

Hata hivyo, tuna shaka juu ya hadhira. Fanani wa ngano hukatizwa, huulizwa, huitikiwa. Anayelumbana kwa mashairi hungoja jibu la mwenzake. Katika Algorave watu hucheza, na ukuta uliojaa amri huwa pambo kwa asiyezisoma. Kuonyesha si kueleweka. Msanii ameondoa pazia, lakini nyuma yake ipo lugha ambayo wengi ukumbini hawaijui. Uwazi wa namna hiyo ni nusu ya uwazi.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa walimu wa Kiswahili. Maelezo ya Sonic Pi yametafsiriwa kwa lugha nyingi, lakini amri zenyewe zimebaki Kiingereza. Mwaka uleule wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, lakini menyu ni mlango tu. Amri ndiyo nyumba. Ramsey Nasser alithubutu kuingia ndani alipotunga Qalb, lugha ya programu yenye maneno ya Kiarabu, akadhihirisha jinsi zana za kompyuta zisivyoizoea hati hiyo. Kiswahili, kinachoandikwa kwa hati ya Kirumi, hakina kikwazo hicho.

Kikwazo chetu ni cha sarufi, nacho ni kitamu. Amri iwe "rudia" au "irudie"? Tukichagua "irudie", kiambishi i- kinarejelea noti au ngoma. Je, mdundo hautadai "urudie"? Tuseme "piga", "pigisha" au "chezesha"? Ni maswali ya upatanisho wa ngeli na mnyambuliko wa vitenzi, ambayo wanafunzi wengi huyaona makavu darasani. Wakiyajibu ili ngoma ilie, watayaona kwa jicho jingine.

Tunapendekeza basi kwamba walimu wa mofolojia na wa fasihi simulizi waandae zoezi la pamoja: wanafunzi wawili wawili watunge amri kumi za Kiswahili, wazitetee kisarufi, kisha wenzao wa idara ya kompyuta wazifanyie kazi. Siku hadhira itakapousoma ukuta na kumwambia fanani "Rudia hapo!" kwa lugha ileile aliyoiandika, ndipo tutakapokiri bila shaka kwamba utendaji umekamilika.