Mizani ya Kiingereza na Sikio la Mhaya

Mabishano ya mizani katika ushairi wa Kiswahili ni ya siku nyingi. Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria zake mwaka 1954. Mwaka 1973 Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, na mwenzake Kahigi wakatoa *Mashairi ya Kisasa*, wakazilegeza kamba. Hesabu yenyewe, hata hivyo, haikuwa na utata: "mtu" ni mizani mbili, "mwalimu" tatu. Jicho na sikio huafikiana.

Kiingereza hakina uaminifu huo. "Queue" ina herufi tano na silabi moja. "Idea" ina herufi nne na silabi tatu. "Strengths", kwa herufi zake tisa, hutamkwa kwa mkupuo mmoja. "Heaven" nalo washairi wa Uingereza wamelihesabu mara silabi moja, mara mbili, kadiri mshororo ulivyowabana.

Kijana wa Bukoba au Muleba hulifikia shairi la Kiingereza akiwa na sikio la Kihaya, lugha yenye toni, inayotenga irabu fupi na ndefu, na ambayo silabi zake hukomea kwenye irabu. Akilisoma "street" hulitamka "sitiriti": silabi moja imezaa nne. Kumwita mzembe ni kumwonea. Sikio lake limetii sheria ya nyumbani kwao. Hasara ni kwamba mshororo wa silabi kumi humvimbia mdomoni, naye huondoka akiamini ushairi wa wageni hauna mwendo.

Dawa haiko mbali naye. Mwimbaji wa enanga, tendi ambazo Mulokozi alizitafitia shahada ya uzamivu (1986), hahesabu silabi kwa vidole. Sauti yake huandamana na nyuzi. Mshororo wa Kiingereza nao husimama juu ya mapigo: katika silabi kumi za Shakespeare, tano ndizo zinazobeba mkazo. Apigiwe mapigo hayo kwanza, hesabu itafuata.

Mfasiri naye ana funzo hapa. "Love" ni silabi moja, "mapenzi" tatu. "Death" moja, "mauti" tatu. Anayeng'ang'ania mizani kumi katika Kiswahili hupata idadi na kupoteza maana, kwani nafasi humtosha maneno matatu au manne tu. Mizani kumi na sita, nane kwa nane, zina wasaa zaidi, na msikilizaji wa pwani na wa bara amekwisha kuzizoea. Idadi haivuki mpaka wa lugha. Mwendo huvuka, akipatikana wa kuusikiliza.