Namna ya Kumpima Mwimbaji wa Majaribio Kanda ya Ziwa

Watu wa Mwanza wana kipimo cha muziki kisichohitaji jopo la majaji. Katika sherehe za Bulabo, pale Bujora, Kisesa, kila Juni, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hucheza kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Mtazamaji yuko huru kuhama. Kikundi kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi, na ndiyo maana manju wa Kisukuma hapoi kubuni: leo wimbo mpya, kesho kichekesho, keshokutwa chatu shingoni mwa mchezaji.

Lakini umati unapenda chatu. Mwenye sikio anayempima mwimbaji wa majaribio, yaani anayeijaribia jadi njia mpya, hutega kwingine.

Cha kwanza kutazama ni kile ambacho msanii amekipunguza. Ayub Ogada, Mjaluo aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 na kufariki 2019, alijulikana kwa nyatiti, ala ya nyuzi nane. Kwa jadi mpiga nyatiti hukaa chini, huchapa pete ya chuma ya kidole cha mguu kwenye fremu ya ala, na hupaza sauti imfikie hata aliyekaa mwisho kabisa kwenye matanga. Katika albamu yake *En Mana Kuoyo* (1993), Ogada alifanya kinyume: aliishusha sauti hadi karibu na mnong'ono, akaiachia kazi maikrofoni. Nyuzi zinazunguka palepale, bila haraka. Wimbo wake "Kothbiro" ulikwisha kurekodiwa na bendi ya Black Savage ya Nairobi katika miaka ya 1970. Asikilize matoleo yote mawili anayetaka kujua tofauti ya kuazima wimbo na kuufikiria upya. Baadaye "Kothbiro" ulisikika katika filamu ya *The Constant Gardener* (2005).

Cha pili ni lugha, na kwa hili, ng'ambo ya ziwa, Bukoba, anatoka Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alilitikisa soko la Kiswahili kwa nyimbo zilizojaa Kihaya, ngoma ikiwa mbele na ala za studio zikimfuata nyuma. Wengi waliocheza "Maria Salome" hawakuelewa nusu ya maneno yake. Huo ndio ujasiri. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo huo kama "Salome": video ya kifahari, Kiswahili kimetawala, biti imenona. Ni kazi safi ya burudani. Kwa majaribio, hata hivyo, Saida anabaki mbele, kwa kuwa yeye ndiye aliyehatarisha kutoeleweka.

Ujanja wa bei rahisi unatambulika upesi: marimba sekunde kumi mwanzoni, kisha kompyuta inachukua usukani na marimba hayarudi tena. Hicho ni kionjo cha asili kilichobandikwa kama stempu. Jaribio lenye uzito halivumilii kuondolewa ala yake ya jadi. Ukiitoa, wimbo unaanguka.

Kwenye onyesho la jukwaani, mwenye sikio asisimame mbele ya mwimbaji. Asogee upande wa wapiga ngoma na kuangalia macho yao. Wakimtazama mwimbaji ili wajue lini waongeze kasi, muziki unatungwa papo hapo. Wakiwa na visikizio masikioni, huku kila ubeti ukiisha kwa urefu uleule wa kwenye rekodi, kilichopo ni rekodi yenye watu jukwaani.