Kataa Neno, Usikatae Wito: Uhakiki wa Kukataa kwa Muhammad Ali

Utangulizi

Katika darasa letu la tafsiri tuliwapa wanafunzi habari fupi ya bondia Muhammad Ali na siku alipokataa kuingia jeshini. Tulidhani ni zoezi jepesi. Ali anajulikana na wote. Hata mwanafunzi asiyefuatilia ndondi anajua kwamba Ali alipigana na George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 na akashinda. Lakini tulipoketi kusahihisha, tulimkuta Ali akiitwa mtoro wa jeshi, mkimbia vita, mwasi, msaliti, na katika karatasi moja, mwoga. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililokuwamo katika matini chanzi.

Yalitoka wapi basi? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Nia yetu ni kulihakiki tendo la Ali kama tunavyohakiki matini yoyote: kutazama maneno yaliyotumika, yaliyoachwa, na yale ambayo sisi wafasiri tumeyaongeza bila kuombwa.

Kisa chenyewe kwa ufupi

Kwanza tukumbushane. Cassius Marcellus Clay alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942. Alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Februari 1964 alimshinda Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mara baada ya hapo alitangaza kwamba ni mfuasi wa Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi lililoongozwa na Elijah Muhammad, naye akapewa jina la Muhammad Ali.

Mwaka huohuo wa 1964 alishindwa mtihani wa jeshi akaachwa. Februari 1966, vita vya Vietnam vilipodai watu zaidi, kiwango cha kufaulu kilishushwa na Ali akawekwa katika daraja la wanaofaa kuitwa. Aliomba atambuliwe kuwa mtu anayepinga vita kwa sababu ya imani yake. Jaji mstaafu Lawrence Grauman, aliyepewa kazi ya kumsikiliza, alipendekeza akubaliwe. Wizara ya Sheria ikashauri vingine, na bodi ya rufaa ikamkatalia bila kutoa sababu. Tuyashike maneno hayo, "bila kutoa sababu", kwa maana tutayarudia.

Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alifika katika kituo cha jeshi mjini Houston, Texas. Vijana waliitwa majina, na kila aliyeitwa alitakiwa kupiga hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo iliyomfanya mtu kuwa askari. Likaitwa jina la Cassius Marcellus Clay. Hakusogea. Alielezwa kwamba adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 10,000, kisha akaitwa tena. Hakusogea. Ndipo alipotakiwa kuandika kwamba amekataa, naye akaandika.

Siku hiyohiyo wasimamizi wa ndondi wa New York walimsimamishia leseni na kumwondolea ubingwa. Tarehe 20 Juni 1967 baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, lilimkuta na hatia baada ya dakika kama 20 tu, na hakimu akampa adhabu yote: miaka 5 na dola 10,000. Alikata rufaa akabaki nje kwa dhamana, lakini pasipoti ilichukuliwa. Tangu 22 Machi 1967 hadi 26 Oktoba 1970 hakupanda ulingoni. Alikuwa na umri wa miaka 25 alipoondolewa na 28 aliporudi. Kila mpenzi wa ndondi anajua thamani ya miaka hiyo.

Wito na neno

Wahenga wetu walisema: kataa neno, usikatae wito. Methali hii huitumia mzazi kwa mtoto, mjumbe kwa mwanakijiji, hata askari anapopeleka hati ya kuitwa shaurini. Mafunzo yake ni mepesi. Ukiitwa, nenda. Ukifika, sikiliza. Usiporidhika na ulichoitiwa, likatae palepale mbele ya aliyekuita.

Tukilipima tendo la Ali kwa methali hii, tunaona jambo ambalo wanafunzi wetu hawakuliona. Vijana wengi wa Marekani wa wakati ule walivuka mpaka wakaingia Canada. Hatuwalaumu, lakini Ali hakuvuka. Alikwenda Houston mwenyewe, siku aliyoitwa, akapanga mstari na wenzake. Aliuitikia wito. Alichokataa ni neno. Kwa hiyo kumwita mtoro ni kosa la tafsiri, na tulilikata alama kama kosa la tafsiri, si kama maoni ya mwanafunzi. Mtoro ni yule anayetafutwa asionekane. Ali alijulikana alipo na alionekana na kila mtu.

Kuna jambo la pili. Kiswahili kinatofautisha kuita na kuitika. Anayeita hutoa jina, na anayeitika hulikubali kuwa lake. Mjini Houston liliitwa jina ambalo mwenyewe alikwisha kuliacha miaka mitatu nyuma, akilihesabu kuwa jina la utumwa. Hatusemi kwamba angeitwa Muhammad Ali angepiga hatua. Sababu aliyoitoa ilikuwa imani yake. Tunachosema ni kwamba katika lile tendo moja mlikuwa na makataa mawili, na mfasiri akiandika "Ali aliitwa" bila kutaja ni kwa jina gani, amepoteza moja.

La tatu linawahusu walimu wa fasihi simulizi. Ali alikuwa fundi wa majigambo. Alijisifu kwa vina, akatabiri raundi ambayo mpinzani ataanguka, akawakera wazee wa magazeti. Tukitafuta mfano wa majigambo nje ya Afrika hatuna haja ya kwenda mbali kuliko yeye. Lakini siku ya Houston hakujigamba. Alisimama tu. Mtu aliyezoeleka kwa maneno mengi alitoa hoja yake kubwa kwa kunyamaza na kutosogeza mguu. Tunawashauri walimu wanaofundisha majigambo wafundishe na siku hii, ili wanafunzi waone kwamba fanani anajua pia pa kunyamaza.

Sentensi moja, tafsiri tatu

Turudi nyuma hadi Februari 1966, waandishi walipomfuata Ali nyumbani kwake Miami kumwuliza anasemaje kuhusu kuitwa jeshini. Jibu lake lililosambaa duniani lilikuwa fupi, lenye ukanushi maradufu, katika Kiingereza cha mitaani cha watu weusi ambacho mwalimu wa sarufi angekipigia mstari mwekundu. Wanafunzi wetu walitupa tafsiri za aina tatu:

1. "Mimi sina mgogoro wowote na Viet Cong."
2. "Sina ugomvi na Viet Cong."
3. "Mimi sina neno na hao Viet Cong."

Ya kwanza ni lugha ya taarifa ya habari. Balozi huzungumza hivyo, bondia wa miaka 24 aliyezingirwa na simu na waandishi hazungumzi hivyo. Ya pili ni sahihi, wala hatukuikata alama, ila imekaa kama sentensi ya kitabu cha mazoezi. Ya tatu ndiyo tuliyoipa alama ya juu. "Sina neno na mtu" ni kauli ya barazani, ya mtu anayevutwa katika ugomvi wa wengine naye anajitoa. Neno "hao" nalo linafanya kazi, maana linaonyesha kwa kidole watu wa mbali ambao msemaji hajapata kukutana nao. Tena mwanafunzi aliyeandika hivyo, kwa kujua au kwa kutojua, ameturudisha kwenye methali: yule asiye na neno na watu ndiye aliyekuja kukataa neno.

Hapa pana onyo. Karatasi kadhaa zilimwekea Ali kinywani sentensi nyingine, kwamba hakuna Mvietnam aliyewahi kumtukana kwa lile tusi la kibaguzi. Maneno ya namna hiyo yalibebwa kwenye mabango ya waandamanaji mjini New York mwaka 1967 na yakawa jina la filamu ya mwaka 1968. Yanafanana sana na msimamo wa Ali, na baadaye yalishikamana na jina lake, lakini kuyaweka katika siku ya Houston ni kutia chuku. Shujaa hahitaji kuazimwa maneno.

Dhamiri si dhamira

Kosa lililojitokeza mara nyingi zaidi lilikuwa la herufi moja. Wanafunzi waliandika kwamba Ali alikataa "kwa sababu ya dhamira yake". Dhamira ni kusudio, na katika madarasa yetu ya fasihi ni wazo kuu la kazi. Dhamiri ni ile sauti ya ndani inayopima jema na baya. Mtu anaweza kuwa na dhamira ya kuiba, lakini dhamiri ndiyo itakayomsuta.

Neno hilo "kusuta" linastahili kutazamwa. Tukisikiliza jinsi Waswahili tunavyosema, dhamiri huja baada ya tendo: mtu amekosa, kisha anasutwa. Katika kisa cha Ali dhamiri ilitangulia tendo. Haikumsuta, ilimzuia. Pengine ndiyo maana wanafunzi walikosa neno la kumwita, wakachukua yale yaliyo karibu: mtoro, mwasi, msaliti. Sisi tunapendekeza "mkataa vita kwa dhamiri". Ni refu kidogo, lakini halimtukani mtu wala halimpambi.

Upande wa pili wa sarafu

Mhakiki asiyeona ila ni mpambe. Hatuna budi kusema kwamba hoja ya Ali ilikuwa na ufa. Sheria ya Marekani ilidai mambo matatu: mwombaji apinge vita vyote, upinzani wake utokane na imani ya dini, na awe mkweli. Ali alikuwa amesema kwamba angepigana vita ambavyo Mungu mwenyewe ameviamuru. Serikali ikashika hapo: huyu hapingi vita vyote, anachagua.

Ndiyo maana ni makosa kuandika, kama wengi wanavyoandika, kwamba Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Ali alikuwa na haki ya kukataa. Uamuzi wa tarehe 28 Juni 1971 ulikuwa wa majaji 8 kwa 0. Thurgood Marshall hakushiriki, kwa kuwa alikuwa wakili wa serikali kesi ilipoanza. Serikali ilikuwa imekwisha kukubali mbele ya mahakama kwamba imani ya Ali ni ya dini na kwamba ni mkweli. Lakini bodi ya rufaa haikuwa imesema ilimkatalia kwa lipi kati ya yale matatu. Kwa kuwa huenda ilimkatalia kwa sababu iliyo batili, hukumu ilitenguliwa. Jaji William Douglas peke yake ndiye aliyejadili kwa kirefu suala la jihadi.

Wanafunzi hawakuupenda ushindi huu. Waliona ni wa makaratasi. Sisi tunaona unalingana na kisa. Aliyeulizwa sababu yake aliitoa waziwazi na kuilipia, na waliotakiwa kutoa sababu hawakuitoa.

Ila ya pili iko karibu nasi zaidi. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Alianzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi walimwuliza mbona Marekani haikuziunga mkono nchi za Afrika ziliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, naye akakiri kwamba hakuwa ameambiwa habari hiyo. Akaendelea hadi Nairobi na kwingineko. Kwa kipimo cha methali yetu, safari hii Ali aliukubali wito bila kuuliza neno. Tunalifundisha hilo pamoja na Houston, kwa sababu mtu ni yuleyule.

Tamati

Mwanafunzi mmoja alituuliza swali lililonyamazisha darasa. Ali alikuwa na mawakili, alikuwa na dhamana, aliishi kuona rufaa yake ikisikilizwa. Je, yule kijana wa kijijini aliyefuatwa usiku na wenye bunduki akaambiwa abebe risasi, akisema hapana, ataitwa nani? Katika eneo letu la Maziwa Makuu hilo si swali la mtihani.

Hatukuwa na jibu zuri, lakini tuna jambo la kuwaambia wanafunzi wetu. Baadhi yenu mtakuwa wakalimani. Mtaketi kati ya ofisa na mtu aliyekimbia makwao kwa sababu alikataa kuandikishwa kwa lazima. Atasema "nilikataa". Mkimwandikia "alitoroka jeshi", mmempa kosa ambalo hakulifanya, na karatasi hiyo itamfuata kila aendako. Tafadhali andikeni alichosema.

Tunawaomba walimu wenzetu wapime istilahi tuliyoipendekeza na watutumie maoni yao kwa ajili ya toleo lijalo. Aliye na neno bora kuliko "mkataa vita kwa dhamiri", hasa lililo fupi zaidi, tutalichapisha kwa furaha.